Safari ya siku moja kwenda Kasri la Versailles na bustani zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wasafiri walio Paris, au wanaojiandaa kwenda, wanaotaka kutenga siku moja kwa ajili ya Versailles. Saa zote zimeandikwa kwa saa za Kiswahili: saa 3:00 asubuhi hapa ndiyo 09:00 kwenye tiketi yako. Bei zimetajwa kwa uchache kwa sababu hubadilika kila msimu. Zihakiki kwenye tovuti rasmi ya kasri kabla ya kulipa.

## Mambo ya msingi

Versailles ni nini hasa?

Ni makao ya zamani ya wafalme wa Ufaransa, katika mji wa Versailles, kilomita 20 hivi kusini-magharibi mwa Paris. Pale palianza na nyumba ya kufikia mfalme akienda kuwinda, iliyojengwa na Louis wa 13 mwaka 1623. Mwanawe, Louis wa 14, aliipanua mpaka ikawa kasri, kisha tarehe 6 Mei 1682 akahamishia huko ikulu na serikali nzima. Ukiondoa miaka michache baada ya kifo chake mwaka 1715, wafalme waliishi hapo hadi tarehe 6 Oktoba 1789, siku umati uliotoka Paris ulipomlazimisha Louis wa 16 na familia yake kuondoka. Mwaka 1837 Mfalme Louis-Philippe aligeuza kasri kuwa makumbusho, na tangu 1979 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba Versailles si jengo moja. Kuna kasri lenyewe. Nyuma yake kuna bustani rasmi zenye chemchemi na sanamu. Mbele zaidi kuna eneo la Trianon, lenye kasri mbili ndogo na kitongoji cha Malkia Marie-Antoinette. Vyote vimezungukwa na eneo la wazi la miti na nyasi kandokando ya Mfereji Mkuu. Kwa jumla ni hekta 800 hivi, na kila sehemu ina saa zake na masharti yake.

Siku moja inatosha?

Inatosha, ilimradi uifanye siku nzima. Anayefika saa 5:00 asubuhi na kutaka kurudi Paris kwa chakula cha mchana ataona foleni, vyumba vya dhahabu na migongo ya watu, basi. Ukiwa na saa 4 tu, chagua kasri na sehemu ya juu ya bustani, uachane na Trianon. Ukiwa na saa 8, vyote vinawezekana bila kukimbia.

Kasri hufungwa siku gani?

Jumatatu, pamoja na tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Bustani na eneo la wazi hubaki wazi hata Jumatatu, kwa hiyo anayetaka kutembea tu anaweza kwenda siku hiyo. Kila wiki, hata hivyo, kuna watu wanaosimama mbele ya geti lililofungwa na tiketi ya treni mkononi.

Hufunguliwa saa ngapi?

Kuanzia Aprili hadi Oktoba kasri hufunguliwa saa 3:00 asubuhi hadi saa 12:30 jioni. Novemba hadi Machi hufungwa saa moja mapema, saa 11:30 jioni. Trianon hufunguliwa saa 6:00 mchana, kamwe si kabla, na hili ndilo linalopaswa kuongoza ratiba yako yote. Bustani huanza saa 2:00 asubuhi.

Siku ipi ina watu wachache?

Jumatano na Alhamisi. Jumanne huonekana siku ya kawaida lakini ni mtego: makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, Versailles yenyewe imefungwa Jumatatu, basi watu wote huangukia siku hiyo. Jumamosi na Jumapili hujaa pia, ila ndizo siku za chemchemi (tazama sehemu ya bustani), kwa hiyo lazima uamue unachokitaka zaidi: nafasi ya kupumua ndani au maji yanayoruka nje.

## Tiketi

Ninunue tiketi ipi?

Kwa siku nzima, nunua ile inayoitwa Passport. Inajumuisha kasri, Trianon na bustani, hata siku za chemchemi. Tenga zaidi ya euro 30 kwa mtu mzima katika msimu wa wageni wengi. Kuna tiketi ya kasri peke yake na ya Trianon peke yake, lakini ukizijumlisha na ya bustani huokoi kitu cha maana.

Tiketi ya kasri hukatwa kwa saa maalumu ya kuingia. Inunue mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa sababu saa za asubuhi huisha haraka.

Nichague saa ipi ya kuingia kasri?

Ushauri unaozoeleka ni saa 3:00 kamili asubuhi, na si mbaya: utapata vyumba vya kwanza vikiwa na nafasi kabla ya mabasi ya makundi kumwaga watu. Ila kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi. Anza na bustani asubuhi, watu wakiwa bado ndani. Fika Trianon saa 6:00 inapofunguliwa. Halafu rudi kasri kwa tiketi ya saa 9:30 au 10:00 alasiri, makundi mengi yakiwa yamekwisha kuondoka na jua la jioni likiingia moja kwa moja kwenye Ukumbi wa Vioo, kwa kuwa madirisha yake yanatazama magharibi.

Njia yoyote utakayochagua, kumbuka kwamba saa iliyo kwenye tiketi haikuondolei foleni ya ukaguzi wa usalama. Fika mapema kidogo.

Nani anaingia bure?

Wote walio chini ya miaka 18, watokako popote. Wakazi wa Umoja wa Ulaya walio chini ya miaka 26. Watu wenye ulemavu, pamoja na mtu mmoja anayewasindikiza. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, kasri ni bure kwa kila mtu, na foleni yake inalijua hilo.

Anayeingia bure naye ahifadhi nafasi ya saa mtandaoni, na aje na kitambulisho.

Nina Paris Museum Pass. Inatosha?

Kwa kasri na Trianon, ndiyo, lakini bado lazima uhifadhi saa ya kuingia kasri. Kwa bustani siku za chemchemi, hapana. Hapo utalipa tofauti.

Kuna watu wanaouza tiketi za "kuruka foleni" nje ya stesheni. Niwaamini?

Wapite. Foleni ya ukaguzi hairukwi na mtu yeyote, na mara nyingi unachouziwa na walanguzi hao ni ziara ya kuongozwa kwa bei ya juu.

## Kufika

Nipande treni gani kutoka Paris?

Rahisi kuliko zote ni RER C, moja ya treni zinazounganisha Paris na vitongoji vyake, hadi stesheni iitwayo Versailles Château Rive Gauche, ambayo ni kituo cha mwisho. Safari kutoka katikati ya Paris ni kama dakika 40, kisha unatembea dakika 10. Angalia ubao wa treni kabla ya kupanda, kwani RER C ina matawi mengi. Tawi la kuelekea Saint-Quentin-en-Yvelines hupita Versailles Chantiers, kituo kilicho mbali kidogo zaidi.

Ukikaa karibu na Montparnasse, treni ya N hadi Versailles Chantiers ni ya haraka zaidi. Ukikaa upande wa Saint-Lazare, chukua L hadi Versailles Rive Droite. Kutoka vituo hivi viwili ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu. Wanaobana matumizi huweza pia kuchukua basi namba 171 kutoka Pont de Sèvres, mwisho wa metro namba 9. Linakushusha mbele ya kasri.

Je, nahitaji tiketi ya kanda maalumu?

Siku hizi hapana. Tangu Januari 2025 nauli ya metro, treni na RER ni moja kwa mkoa mzima wa Île-de-France, isipokuwa kwenda na kutoka viwanja vya ndege. Tiketi ya basi ni nyingine. Weka safari mbili kwenye kadi ya Navigo Easy ukiwa bado Paris, ili jioni usijiunge na foleni ndefu ya mashine za Versailles.

Nikikuta RER C haifanyi kazi?

Hutokea, hasa kiangazi, ambapo sehemu ya reli katikati ya Paris hufungwa kwa matengenezo, na siku za migomo. Tumia N au L, zilizoelezwa juu. Ndiyo maana ni vizuri kuzijua zote tatu kabla ya kutoka hotelini.

## Ndani ya kasri

Nisikose nini?

Kasri lina vyumba 2,300 hivi, na wewe utaona sehemu ndogo tu. Njia ya kawaida hukupitisha vyumba vya dhifa vya mfalme, Ukumbi wa Vioo, chumba cha kulala cha mfalme, vyumba vya malkia, na mwisho Ukumbi wa Vita wenye urefu wa mita 120. Kwa kutembea taratibu ni saa 2.

Ukumbi wa Vioo ulijengwa kati ya 1678 na 1684 na msanifu Jules Hardouin-Mansart, na dari yake ikachorwa chini ya usimamizi wa Charles Le Brun. Una urefu wa mita 73, madirisha 17 upande mmoja na matao 17 ya vioo upande wa pili, jumla ya vioo 357. Leo kioo ni kitu cha kila nyumba. Wakati ule kilikuwa bidhaa ya anasa iliyotawaliwa na mafundi wa Venice, na Wafaransa walitaka kuonyesha kwamba wao pia wanaweza. Tazama juu kabla ya kutoa simu.

Mbona vyumba vingine vina samani chache?

Kwa sababu ziliuzwa. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793 na 1794, maelfu ya vitu vya kasri vilipigwa mnada na kutawanyika. Mengi unayoyaona leo yamenunuliwa tena kimoja kimoja, yametolewa kama zawadi, au ni nakala.

Ni kweli kuna jambo la Afrika Mashariki lililoamuliwa humu?

Ni kweli, na waongozaji wengi hawalitaji. Mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ulisainiwa ndani ya Ukumbi wa Vioo tarehe 28 Juni 1919. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati: ni katika ukumbi huohuo Wajerumani, wakiwa wameishinda Ufaransa, walitangaza Dola ya Ujerumani tarehe 18 Januari 1871. Wafaransa waliwarudisha palepale.

Kifungu cha 119 kiliifanya Ujerumani iachie makoloni yake yote ya ng'ambo. Afrika Mashariki ya Kijerumani ikagawanywa: Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji, na kipande kidogo cha Kionga, kusini mwa Mto Ruvuma, kikaenda kwa Wareno.

Kifungu cha 246 ni cha ajabu zaidi. Kiliitaka Ujerumani imkabidhi Mwingereza, ndani ya miezi 6, fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika Mashariki na kupelekwa Ujerumani. Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, alikuwa amekufa mwaka 1898. Miezi 6 ilipita, na miongo ikapita. Fuvu lilirudi mwaka 1954, na liko kwenye makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa. Ukisimama katikati ya ukumbi ule, ni jambo la kukumbuka zaidi kuliko idadi ya vioo.

Naweza kupiga picha?

Ndiyo, bila mwanga wa kamera, bila stendi ya kamera na bila fimbo ya kujipigia picha.

Mizigo je?

Mkoba wa kawaida hauna shida. Sanduku la safari haliingii kabisa, hivyo usije ukitokea uwanja wa ndege na mizigo yako yote. Chakula hakiliwi ndani. Kuna mahali pa kuhifadhi vitu bila malipo.

## Bustani na Trianon

Bustani ni bure?

Novemba hadi Machi, ndiyo. Aprili hadi Oktoba kuna siku za kulipia: siku za chemchemi, hasa Jumamosi na Jumapili, na siku za muziki bustanini katikati ya wiki. Watoto wanaoingia kasri bure wanaweza kutakiwa kulipia bustani siku hizo wakiwa wametimiza miaka 6. Mwenye Passport hana la kuhangaika.

Eneo la wazi la Mfereji Mkuu ni bure mwaka mzima.

Mbona chemchemi hazirushi maji siku nzima?

Kwa sababu maji hayakuwahi kutosha, tangu enzi za Louis wa 14. André Le Nôtre alianza kuzipanga bustani mwaka 1661 mahali pasipo na mto mkubwa. Yakachimbwa mabwawa, ikatandazwa mitandao ya mabomba, na mwaka 1684 ukakamilika mtambo wa Marly, wenye magurudumu makubwa 14 yaliyosukumwa na Mto Seine ili kupandisha maji mlimani. Bado hayakutosha. Mfalme alipotembea bustanini, vijana wa chemchemi walipigiana miluzi: ya mbele ifunguliwe anapokaribia, ya nyuma ifungwe akishapita.

Mpaka leo maji mengi hushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka kwenye mabwawa ya juu, kupitia mabomba ya kale, hivyo hufunguliwa kwa vipindi, asubuhi na alasiri, na kila chemchemi ina wakati wake. Chukua ratiba ya siku mlangoni na uifuate. Siku za chemchemi ndizo pia siku ambazo vichaka vya ndani, vile vilivyofichwa nyuma ya ua wa miti, hufunguliwa. Ingia humo. Wengi huteremka njia kuu mpaka mferejini na kurudi, wakipita karibu kabisa na Enceladus, sanamu ya jitu la madini ya risasi yaliyopakwa dhahabu lililofukiwa na mawe mpaka kiunoni, bila kujua lipo.

Nianzie wapi nikitoka kasri?

Mfalme mwenyewe alijibu swali hili. Kati ya 1689 na 1705 Louis wa 14 aliandika matoleo kadhaa ya mwongozo mfupi wa namna ya kuwatembeza wageni bustanini, na anaanzia pale utakapotokea wewe: juu ya ngazi, nyuma ya kasri, ukisimama kwanza kutazama.

Kutoka hapo nenda kushoto uchungulie Orangerie chini yako, ambako michungwa na mitende hutolewa nje ndani ya masanduku ya mbao wakati wa joto na kurudishwa ndani kabla ya baridi. Kisha shuka kwenye Bwawa la Latona, lenye wakulima wanaogeuka vyura, na uendelee hadi Bwawa la Apollo, ambapo farasi wa dhahabu wanatoka majini. Nyuma yao Mfereji Mkuu umenyooka kwa kilomita 1.67. Unaonekana mfupi ukiwa juu. Si mfupi.

Trianon inafaa kutembelewa, au ni kuchosha miguu tu?

Inafaa, na kwa wengi ndiyo sehemu wanayoizungumzia baadaye. Grand Trianon, ya marumaru ya rangi ya waridi, ilijengwa mwaka 1687 ili Louis wa 14 apumzike na itifaki aliyoianzisha mwenyewe. Petit Trianon, iliyokamilika mwaka 1768, alipewa Marie-Antoinette na mumewe mwaka 1774. Kuanzia 1783 malkia huyo alijengewa pembeni kitongoji cha kijijini, chenye bwawa, bustani za mboga na nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Ni mahali patulivu, na pia ni mahali pa kujiuliza maswali, ukikumbuka wakulima wa kweli wa wakati ule walivyoishi.

Kutoka kasri ni mwendo wa dakika 25 hadi 30. Kuna treni ndogo ya magurudumu inayozunguka, kwa malipo yake.

Tunaweza kubeba chakula chetu?

Ndiyo, ila usikitandaze ndani ya bustani rasmi. Huko hairuhusiwi kula nyasini. Nenda uwanda wa Saint-Antoine, karibu na Geti la Malkia, au kando ya bwawa la Suisses. Kama ni Jumanne, Ijumaa au Jumapili, pitia kwanza soko la Notre-Dame mjini Versailles ununue mkate, jibini na matunda. Mikahawa ya ndani ipo, ghali na yenye foleni.

Naweza kukodi baiskeli au mtumbwi?

Vyote viwili, upande wa Mfereji Mkuu. Mitumbwi haikodishwi wakati wa baridi. Baiskeli haziruhusiwi kwenye bustani rasmi. Vigari vya umeme navyo hukodishwa, kwa mwenye leseni ya udereva.

## Hali za pekee

Ninakwenda na mtoto mchanga.

Mbebe kwa mbeleko ya kitambaa. Vyumba vya kasri vina msongamano, na kigari kikubwa kitakuwa mzigo tangu mlangoni. Kwa watoto wakubwa kidogo, punguza kasri na uongeze kitongoji cha malkia, ambako kuna wanyama wa kufugwa.

Babu yetu hawezi kutembea sana.

Viti vya magurudumu huazimwa bila malipo na kasri lina lifti. Tatizo liko nje: uwanja wa mbele umetandikwa mawe yasiyo sawa na njia za bustani ni za changarawe, tena za mteremko. Treni ndogo au kigari cha umeme vitamsaidia zaidi kuliko kiti.

Mvua ikinyesha, au nikienda Januari?

Wakati wa baridi chemchemi huzimwa na sanamu nyingi hufunikwa zisipasuke kwa barafu. Siku kama hizo geuza uzito: tumia muda mrefu kasri, ulipie ziara ya kuongozwa ya vyumba vya faragha vya mfalme, ambavyo havionekani kwa tiketi ya kawaida. Mwishoni mwa wiki kuna pia maonyesho ya magari ya farasi ya kifalme kwenye Mazizi Makuu, mkabala na kasri, bila kiingilio.

Nikitoka naweza kurudi ndani?

Kasri, hapana. Ukishatoka umetoka. Kwa hiyo maliza vyumba vyote kabla ya kwenda bustanini.

Naweza kuunganisha na Mnara wa Eiffel siku hiyohiyo?

Jioni, ndiyo. RER C ileile inayokurudisha husimama Champ de Mars Tour Eiffel. Kata tiketi ya kupanda mnara ya saa 2:30 usiku au baadaye, maana miguu itataka kwanza kukaa mahali.